Mti Mwekundu Ulioipa Nchi Jina Lake

Jina la Brazili linajulikana karibu katika kila nyumba. Watoto wetu hulitaja wanapocheza kandanda, na walimu wao hulifundisha katika somo la jiografia wanapoeleza habari za kahawa na Mto Amazoni. Lakini je, umewahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi? Si jina la mfalme, wala la baharia, wala la mlima. Ni jina la mti.

Mti huo una kiini chekundu kama kaa la moto. Kwa ajili ya kiini hicho meli zilivuka bahari, wafalme waligombana, wafungwa walitokwa jasho na misitu ilifyekwa. Nchi ikapata jina, wafanyabiashara wakapata mali, na mti wenyewe ukabaki kuwa adimu katika nchi inayoitwa kwa jina lake.

Tumependa kuwasimulia akina mama wenzetu habari za mti huu kwa sababu zinagusa mambo tunayoyashika kwa mikono yetu kila siku: nguo, rangi, mbao na muziki. Zaidi ya hayo, zinagusa swali ambalo kila mzazi hujiuliza usiku nyumba inapokuwa kimya: nitawaachia nini watoto wangu?

Mti wa namna gani?

Watu wa Brazili huuita pau-brasil. Katika Kireno neno “pau” ni mti au ubao. Kwa miaka mingi wataalamu wa mimea waliuita Caesalpinia echinata, lakini mwaka 2016 walipouchunguza upya waliona kwamba hauna ndugu wa karibu sana, wakaupa jina lake wenyewe: Paubrasilia echinata. Neno hilo la mwisho lina maana ya kitu chenye miiba, na kweli mti huu una miiba kwenye shina, kwenye matawi na hata kwenye maganda ya mbegu.

Ni wa jamaa ile kubwa ya mimea ya mikunde, ambamo pia mna maharage yetu, mkwaju na ule mkrismasi unaopamba viwanja vyetu kila Desemba. Hukua katika misitu ya pwani ya mashariki ya Brazili, kuanzia jimbo la Rio Grande do Norte upande wa kaskazini hadi Rio de Janeiro upande wa kusini. Mara nyingi hufikia urefu wa mita 10 hadi 15, ingawa katika msitu mnene huweza kwenda juu zaidi ukitafuta jua.

Maua yake ni ya manjano na yananukia vizuri. Katika kila ua, petali moja ina doa jekundu, kana kwamba mti unataka kudokeza siri iliyomo ndani yake. Maganda yakikauka hupasuka kwa ghafula na kurusha mbegu mbali na mti mama. Mbegu hizo hazivumilii kukaa: zikiwekwa hivi hivi tu bila kuhifadhiwa kitaalamu, huharibika baada ya majuma machache. Anayetaka kuupanda mti huu lazima asichelewe.

Wenyeji wa pwani hiyo, Watupi, waliuita ibirapitanga, yaani mti mwekundu. Waliutumia kutengenezea pinde za kuwindia, na rangi yake waliijua kabla Mzungu hajafika.

Rangi ilivyopatikana

Ukikata shina la mti huu utaona sehemu ya nje ni nyeupe na haina faida kubwa. Hazina imo katikati, katika kiini. Seremala akikipasua leo, atakikuta kina rangi ya machungwa. Kikikaa hewani, kitaiva polepole hadi kiwe chekundu kilichokolea. Hii ni kwa sababu ndani yake mna kitu kinachoitwa brazilini, ambacho chenyewe hakina rangi kali, lakini kikikutana na hewa hugeuka na kuwa chekundu.

Wapaka rangi wa Ulaya walikisaga kiini hicho kuwa unga au kukichonga vipande vidogo vidogo, wakaviloweka majini, wakavichemsha, kisha wakatumbukiza humo nyuzi au vitambaa. Lakini kila mama aliyewahi kupaka ukili rangi kwa ajili ya kusuka mikeka anajua kwamba kuchemsha peke yake hakutoshi. Rangi inahitaji kitu cha kuishikilia isitoke. Kwa mti huu, kishikizo kilichotumiwa zaidi kilikuwa shabu, ile ile inayouzwa madukani kwa kipande. Kitambaa kilitiwa kwanza katika maji ya shabu, ndipo kikaingizwa katika rangi.

Tena rangi hii hubadilika kama kinyonga. Ikitiwa kitu kikali kama siki au maji ya limau, huelekea kuwa ya manjano au ya machungwa. Ikitiwa kitu cha jamii ya magadi au maji ya majivu, hugeuka kuwa nyekundu iliyoiva sana, hata kufikia zambarau. Ikitiwa maji yenye chuma, hufifia na kuwa nyeusi-nyeusi. Hivyo fundi mmoja, kwa mti mmoja, aliweza kutoa vitambaa vya sura nyingi.

Ilikuwa na udhaifu wake. Jua liliifubaza. Nguo iliyotiwa rangi hii ilihitaji kuanikwa kivulini na kutunzwa vizuri, la sivyo wekundu wake ulipauka. Hata hivyo ilikuwa rahisi kuliko rangi nyekundu bora za wakati ule, na watu wengi waliotamani kuvaa nyekundu walimudu kuinunua.

Kuna kisa cha kuchekesha kuhusu jambo hili. Katika miaka ya 1550 Wafaransa walijenga makao katika ghuba ambako leo upo mji wa Rio de Janeiro. Miongoni mwa waliofika huko mwaka 1557 alikuwamo kijana fundi viatu aliyeitwa Jean de Léry, ambaye alikuwa ametumwa pamoja na Wakristo wenzake kutoka Geneva. Baadaye alikuwa mchungaji, na mwaka 1578 alichapisha kitabu kuhusu safari yake. Humo anasimulia kwamba mmoja wao alitaka kufua mashati yao yawe meupe, akatengeneza maji ya majivu kama walivyozoea kwao. Tatizo ni kwamba majivu yale yalikuwa ya kuni za pau-brasil! Mashati yote yakawa mekundu. Waliyafua na kuyasugua kwa sabuni, lakini wapi. Ikawabidi wayavae hivyo hivyo.

Meli zilizopita Kilwa na Malindi

Tarehe 9 Machi 1500 meli 13 za Wareno ziliondoka Lisbon kwenda India. Kiongozi wao alikuwa Pedro Álvares Cabral. Zilipokuwa Atlantiki zilielekea mbali sana magharibi, na mwezi wa Aprili mabaharia waliona nchi wasiyoijua. Tarehe 26 Aprili, Jumapili iliyofuata Pasaka, padri wao Henrique de Coimbra aliadhimisha misa ya kwanza katika nchi hiyo. Siku chache baadaye walisimamisha msalaba mkubwa wa mbao. Nchi ikaitwa Vera Cruz, yaani Msalaba wa Kweli, na muda si mrefu ikaitwa Santa Cruz, Msalaba Mtakatifu.

Huenda wasomaji wetu wa pwani watashangaa kusikia kwamba meli hizo hizo zilikuja kwetu. Moja ilirudishwa Ureno kupeleka habari. Nyingine zilizama katika dhoruba kali kusini mwa Afrika. Zilizosalimika zilipanda na pwani yetu, zikafika Kilwa mwezi wa Julai mwaka huo huo wa 1500, na Malindi mwanzoni mwa Agosti, kabla ya kuvuka kwenda India. Mabaharia waliotia nanga Kilwa na Malindi walikuwa wametoka kuona, miezi michache tu nyuma, misitu ambayo ingelipa taifa zima jina.

Kwa karne nyingi kabla ya hapo, watu wa Ulaya walikuwa wakinunua mti mwingine mwekundu kutoka India na visiwa vya Asia. Ulipita mikononi mwa wafanyabiashara wengi, na bei yake ilikuwa juu. Mti huo wa Asia ulikwisha kuitwa “brasil” katika masoko yao, jina ambalo kwa kawaida huhusishwa na neno la kaa la moto. Wareno walipouona mti wa Watupi unafanana nao, waliuita kwa jina lile lile. Wafanyabiashara wakaanza kusema wanakwenda “nchi ya brasil”. Taratibu jina la sokoni likalishinda jina la kanisani, na Nchi ya Msalaba Mtakatifu ikawa Brazili.

Wapo walioliona jambo hilo kwa huzuni. Mwanahistoria Mreno João de Barros, aliyeandika katikati ya karne ya 16, alilalamika kwamba huu ulikuwa ushindi wa Ibilisi: watu walikuwa wameuthamini mti unaotia rangi vitambaa kuliko mti ule ambao Mwokozi alitundikwa. Tunaweza kukubaliana naye au tusikubaliane. Lakini lililofuata linaonyesha kwamba hofu yake haikuwa ya bure. Mahali faida ilipotangulia, mengi matakatifu yalikanyagwa.

Biashara na gharama yake

Mwaka 1502 mfalme wa Ureno alimkodisha biashara ya mti huo mfanyabiashara wa Lisbon aliyeitwa Fernão de Loronha. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuuchukua bila idhini ya mfalme. Wafaransa hawakujali idhini hiyo. Nao walituma meli zao, na kwa miaka mingi mataifa hayo mawili yalipigania pwani ile kwa sababu ya magogo.

Kazi ngumu ilifanywa na wenyeji. Watupi ndio walioujua mti ulipo, maana haukui kama shamba la mahindi, bali umetawanyika, huu hapa na mwingine kule. Waliukata, wakaukata tena vipande, wakauondoa gome na sehemu nyeupe ya nje, na kuubeba mabegani hadi ufukweni, wakipita vilima na njia mbaya. Gogo la mti huu ni zito mno, hata kiini chake kikikauka huweza kuzama majini. Malipo yao yalikuwa shoka, visu, vioo, vitambaa na shanga. Shoka la chuma liliwasaidia, ni kweli. Lakini pia liliharakisha kazi ya kuumaliza msitu.

Hati za meli moja, iliyoitwa Bretoa, zimehifadhiwa hadi leo. Ilikwenda Brazili mwaka 1511. Iliporudi Lisbon ilikuwa imebeba magogo yapatayo 5,000. Orodha ya shehena inaonyesha pia kasuku na wanyama wengine wadogo, na pamoja nao wenyeji zaidi ya 30 waliochukuliwa utumwani. Mama mwenzetu, hebu tafakari orodha hiyo: magogo, kasuku, watu. Katika karatasi ya mwenye meli vyote vilikuwa mali. Lakini kila mmoja wa wale 30 na zaidi alikuwa mtoto wa mama fulani aliyebaki ufukweni.

Mateso hayakuishia Brazili. Magogo yalipofika Ulaya ilibidi yasagwe kuwa unga. Mwaka 1596 mji wa Amsterdam, Uholanzi, ulifungua gereza katika jengo lililokuwa nyumba ya watawa. Wafungwa wake walipewa kazi ya kuyakwaruza magogo ya pau-brasil kwa tupa kubwa zenye meno mengi, wawili wawili, mmoja kila upande. Vumbi jekundu liliwaganda kwenye jasho na kuwaingia puani. Gereza hilo liliitwa Rasphuis, yaani nyumba ya kukwaruzia. Mwaka uliofuata wanawake nao walifunguliwa gereza lao, ambako kazi yao ilikuwa kusokota nyuzi. Basi huenda uzi uliosokotwa na mwanamke mfungwa ulitiwa rangi iliyokwaruzwa na mwanamume mfungwa, kutoka katika gogo lililobebwa na Mtupi begani. Aliyevaa nguo sokoni hakuyaona hayo yote. Aliona nyekundu nzuri tu.

Swali la mzee wa Kitupi

Yule Jean de Léry tuliyemtaja anasimulia mazungumzo yake na mzee mmoja wa Kitupi. Mzee alishangazwa na jambo moja: kwa nini watu hawa wanasafiri mbali hivyo, kwa hatari nyingi, kutafuta kuni? Je, kwao hakuna miti ya kuotea moto?

Léry akamweleza kwamba miti ipo, ila huu hautafutwi kwa ajili ya kuni. Unatafutwa kwa ajili ya rangi, kama wao wenyewe walivyopaka rangi kamba na manyoya yao. Mzee akauliza kama wanahitaji mingi kiasi hicho. Léry akajibu kwamba kule kuna mfanyabiashara mmoja tu ambaye ana vitambaa, visu, mikasi na vioo kuliko vyote alivyowahi kuviona mzee, na mtu huyo anaweza kununua shehena zote za meli kadhaa.

Mzee akafikiri kidogo. Akauliza: huyo tajiri, je, hafi? Akaambiwa anakufa kama watu wote. Na akifa, mali yake inakuwa ya nani? Ya watoto wake, akajibiwa, na kama hana watoto, ya ndugu zake.

Hapo mzee akasema maneno ambayo Léry hakuyasahau. Kwa ufupi aliwaambia kwamba ni wajinga wakubwa. Wanavuka bahari na kuteseka ili kuwarundikia mali watoto wao, kana kwamba ardhi iliyowalisha wao haiwezi kuwalisha na watoto. Sisi pia, alisema, tuna baba na mama na watoto tunaowapenda. Lakini tunaamini kwamba baada ya kufa kwetu, ardhi iliyotulisha itawalisha na wao, kwa hiyo tunapumzika bila wasiwasi.

Léry, ambaye alikuwa Mkristo wa dhati, aliyaandika maneno hayo kwa kuwaaibisha watu wa kwao. Wenzake waliwadharau Watupi, lakini mzee yule asiyejua kusoma aliwazidi katika somo la tamaa.

Tunapaswa kuongeza jambo moja la huzuni. Matumaini ya mzee hayakutimia kama alivyotazamia. Ardhi haikuwalisha wajukuu wake kwa amani. Magonjwa mageni, vita na utumwa viliwamaliza Watupi wengi wa pwani, na misitu yao ikawa mashamba ya miwa, na baadaye ya kahawa. Ardhi huwalisha watoto endapo tu waliopo leo wataiacha ikiwa hai.

Kutoka rangi hadi muziki

Serikali ya mfalme iliona mapema kwamba mti unapungua. Desemba 1605 ilitolewa amri ya kuzuia ukataji ovyo: hakuna kukata bila kibali, na kiasi kikapangwa. Lakini amri ya karatasi haina nguvu mahali penye faida kubwa, na magendo yaliendelea.

Kilichoikomesha biashara ya rangi ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1856 kijana Mwingereza, William Henry Perkin, aligundua namna ya kutengeneza rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe. Baada yake zikaja rangi nyingine nyingi za viwandani, za bei ndogo na zenye kudumu. Mwaka 1859 utawala wa Brazili uliachilia ukiritimba wake juu ya mti huo. Viwanda vya nguo havikuuhitaji tena.

Mtu angedhani kwamba sasa mti ungepumzika. Lakini tayari ulikuwa umepata mpenzi mwingine. Mwishoni mwa karne ya 18, fundi mmoja wa Paris aliyeitwa François Xavier Tourte alikuwa akitafuta mti ufaao kwa upinde wa fidla, au vayolini kama wengi wanavyoita. Upinde ni ule ufito mrefu wenye nywele za mkia wa farasi, ambao mpigaji huupitisha juu ya nyuzi ili zitoe sauti. Lazima uwe mwepesi, lakini usivunjike. Lazima upindike, lakini urudi mahali pake. Tourte aliona kwamba mti bora kuliko yote ni pau-brasil kutoka jimbo la Pernambuco. Ukipashwa moto hukubali kukunjwa, na ukipoa hubaki na umbo ulilopewa kwa miaka na miaka. Umbo la upinde alilolikamilisha ndilo linalotumiwa hadi leo.

Kwa hiyo, ukisikia redioni au kanisani vayolini ikilia kwa utamu, huenda unasikia mti huu. Hali hii si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Mpingo wetu wa Tanzania na Msumbiji umekuwa ukisafirishwa kwa muda mrefu kutengenezea zumari za Wazungu, kama klarineti na obo. Nao pia hukua polepole mno, na nao pia thamani yake imo katika kiini.

Upinde mmoja ni kitu chembamba, chenye uzito wa gramu 60 hivi. Lakini ubao unaofaa lazima uwe umenyooka, usiwe na fundo wala ufa, kwa hiyo sehemu kubwa ya gogo hutupwa. Na gogo lenyewe linazidi kuwa vigumu kupatikana. Msitu wa pwani ya Brazili, ambao zamani ulienea kwa maelfu ya kilometa, umebaki vipande vipande, kwa sababu ya mashamba, malisho na miji.

Mti wa taifa

Tarehe 7 Desemba 1978 Brazili ilipitisha sheria namba 6607, iliyoutangaza pau-brasil kuwa mti wa taifa. Sheria hiyo iliiweka tarehe 3 Mei kuwa siku yake. Iliagiza pia vitalu vya miche vianzishwe nchini kote, na watoto wafundishwe nafasi ya mti huo katika historia ya nchi yao. Watoto wengi wa Brazili, wa mijini hasa, wameuona kwa mara ya kwanza katika bustani au uwanja wa shule, si msituni.

Mwaka 2007 mataifa yaliyo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini yaliuweka mti huu katika orodha ya miti ambayo haiuzwi nje bila kibali. Hata hivyo wezi hawakukosekana. Kuanzia mwaka 2018 maofisa wa mazingira wa Brazili waliendesha msako walioupa jina la Dó-Ré-Mi, kama tunavyoimba sauti za muziki, na wakakamata maelfu ya fito na pinde zilizokuwa na mashaka. Mwaka 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, Brazili iliomba masharti yakazwe zaidi. Wanamuziki walikuwa na hofu kwamba hawataweza kusafiri na vyombo vyao. Mwishoni ilikubaliwa kwamba hata pinde zilizokwisha kutengenezwa zihitaji kibali zinapotoka Brazili, ila wanamuziki wenye pinde zao nje ya nchi hiyo wasisumbuliwe.

Mafundi wa pinde wenyewe nao waliamka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi kutoka nchi mbalimbali waliungana na kuanza kuchangia fedha za kupanda mti huu, pamoja na kushirikiana na wakulima wa kakao ambao huuhitaji kwa kivuli. Fundi anayepanda mche leo anajua kwamba hatautumia yeye. Huchukua miaka mingi sana kiini kukomaa. Anampandia fundi ambaye labda hajazaliwa.

Tujifunze nini nyumbani kwetu?

Dada mpendwa, huenda hutauona mti wa pau-brasil maisha yako yote. Lakini yupo mninga, ambao watu wa Tabora na Ruvuma wanaujua vizuri. Ukiukata hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao zake hutengenezwa vitanda, milango na makabati tunayojivunia, na huchukua miongo mingi kufikia ukubwa wa kupasuliwa. Wapo pia mkurungu, ndugu yake wa karibu, na mpingo, na mvule. Yaliyoupata mti wa Brazili yanaweza kuipata na hii.

Unaponunua samani, muulize seremala mbao zimetoka wapi na kama zilikatwa kwa kibali. Usiogope kuonekana mdadisi. Ni fedha yako. Kitanda cha zamani cha mninga alichokuachia mama mkwe usikiuze kwa bei ya kuni ili ununue cha kisasa ambacho kitachakaa kabla mtoto hajamaliza shule. Kipige randa na vanishi, nacho kitamfaa mjukuu.

Kama una eneo, hata dogo, panda mti na mtoto. Mpe kila mtoto wa kwako mti wake, autie maji yeye mwenyewe, na aone jinsi ulivyo na subira. Katika vikundi vyetu vya akina mama tunachangishana kwa ajili ya arusi na misiba, na ni vizuri. Basi mara moja kwa mwaka, mvua zinapoanza, tuchangie miche pia, na tupande penye shule na zahanati. Wataalamu wa misitu wa wilaya watatushauri miti gani inafaa ardhi yetu, na miti ya asili isisahauliwe.

Halafu tuzungumze na watoto wetu juu ya vitu. Mtoto akitaka kiatu kipya wakati kile cha mwanzo bado kizima, ndio wakati wa kumsimulia habari za shati jekundu, gogo lililobebwa begani na mfungwa aliyejaa vumbi. Si ili tumtishe, bali ajue kwamba kila kitu kizuri kina mahali kilipotoka, na kuna mtu aliyekitolea jasho.

Sisi wazazi tunajinyima mengi ili watoto wapate nyumba, karo na akiba ya benki, na hakuna ubaya katika hayo. Lakini mzee wa Kitupi aliuliza swali la haki. Nyumba isiyo na chemchemi karibu, shamba lisilo na kivuli, kilima kisicho na mti, vitawafaa nini? Mvua za kwanza zikinyesha, tuwe na miche tayari.